Dokta, UTI yangu haiponi na mama watoto ameanza kuniwazia vingine

Mbukwenyi dokta, na shikamoo juu yake maana sijui umri wako.

Mimi ni baba wa watoto watatu, miaka 39, naishi Kibaigwa, kazi yangu nanunua mahindi na alizeti vijijini huko Kongwa mpaka Kiteto afu naleta sokoni, kwa hiyo muda mwingi niko kwenye fuso au juu ya pikipiki. Shida yangu ni UTI. Yaani mimi ni mtu wa UTI, naumwa napona, naumwa tena napona. Inaanza mkojo unaunguza, nakojoa kidogo kidogo, mkojo una ukungu na harufu kali, chini ya kitovu panauma. Nikienda kupima naambiwa pasi sels nyingi, una UTI, napewa sipro za siku tano, nikimaliza nakuwa mzima kabisa najisahau, baada ya muda hiyo imerudi. Nimeshakunywa sipro, azuma, septrini, doksi, kuna kipindi nilichomwa na sindano asubuhi na jioni. Siku hizi nikihisi inaanza hata kupima siendi, najinunulia mwenyewe nakunywa na maziwa mgando ili isinisumbue tumbo.

Mara ya mwisho jamaa wa maabara moja akaniambia hii yako ni UTI sugu imeshaingia kwenye damu. Dokta hapo nikaogopa.

Mama watoto yeye kapima hana kitu. Sasa anauliza, kama mimi sina wewe unaitoa wapi? Mwanzo alikuwa anatania, saa hizi hatanii tena, nikichelewa Kiteto nikalala huko simu zinakuwa nyingi. Kiukweli mimi sina mambo hayo, ujanani sikatai nilishawahi kupata gono nikatibiwa, ila tangu nimeoa nimetulia.

Mkojo wenyewe siku hizi hauna nguvu, unatoka mwembamba, saa nyingine unagawanyika njia mbili unarashia mpaka viatu, na nikimaliza nikianza kutembea unadondoka tena kwenye suruali. Usiku naamka. Na samahani kwa kusema hivi, hata kwenye tendo la ndoa zile mbegu zinatoka kivivu, nikanunua dawa za nguvu za kiume hazikubadilisha kitu. Baba yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa tezi dume akiwa na miaka 70 na kitu, nikajua na mimi imenianza mapema.

Mengine sijui kama yanahusu. Utotoni nimeogelea sana malambo, maji tunayokunywa huku yana chumvi chumvi, na 2019 nilipata ajali ya bodaboda njia ya Pandambili, nyonga ikapasuka, mkojo ukatoka na damu nikawekewa mpira, nikakaa nao muda, ila nilipona vizuri, natembea na gunia nabeba.

Naomba kujua, je hii ni tezi dume? Mke wangu naye atumie dawa hata kama hana ugonjwa? Na kuna mzee pale mnadani anauza dawa ya kusafisha kibofu, niinunue?

Msomaji wako, Kibaigwa

---

Mbukwa ndugu yangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mpaka pale ulipoandika "sijui kama yanahusu", nikasema huyu jibu analo, kaliweka mwisho kabisa pamoja na maji ya chumvi. Nyonga ilipasuka, mkojo ukatoka na damu, ukawekewa mpira. Ndugu yangu, yanahusu, tena yanahusu kuliko yote uliyoandika juu yake.

Ngoja nikueleze taratibu. Mwanaume mrija wake wa mkojo ni mrefu, kama sentimita 20 hivi, mwanamke ana kama 4 tu, ndio maana wenzetu wadudu wanapanda kirahisi na UTI kwao ni jambo la kila siku, mwanaume wa umri wako kwa kawaida haipati ovyo. Akipata mara moja tunamtibu na tunajiuliza kwa nini. Akipata, ikarudi, ikarudi tena, hapo swali la dawa gani apewe sio swali kubwa tena, swali kubwa ni nini kinauzuia mkojo usitoke wote. Mkojo unaobaki kwenye kibofu ni kama maji ya lambo yaliyotuama, utayatia dawa leo yatulie, kesho kutwa yameota tena, kwa sababu hayaendi popote. Wewe kila sipro uliyokunywa iliua wadudu kweli, na ndio maana ulikuwa unapona kweli, ila kizuizi kilibaki palepale kinasubiri wengine.

Kizuizi ninachokihisi mimi ni kovu kwenye mrija wa mkojo, madaktari wanaita strikcha. Nyonga ikipasuka ule mrija unapita katikati ya mifupa hiyo na unaweza kuchanika au kuvutwa, damu uliyoiona kwenye mkojo ndio ilikuwa dalili, afu unapopona panaweka kovu, na kovu linajikunja polepole, miezi au miaka, mpaka njia inabaki nyembamba. Mpira wa mkojo nao ukikaa muda unaweza kukwaruza ukaacha kovu. Na gono la ujanani nalo halijatoka kwenye kesi, miaka mingi baada ya kutibiwa kovu lake linaweza kuleta mambo hayohayo. Kwa hiyo una sababu sio moja. Na dalili umeziandika mwenyewe vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki, mkojo mwembamba, kugawanyika, kudondoka baada ya kumaliza, mbegu kutoka kivivu. Hiyo ya mwisho wala isikuvunje moyo, mbegu zinapita mrija uleule, njia ikibana zinatoka kwa shida, sio kwamba uanaume umeisha. Hizo dawa za nguvu acha, hela yako inapotea na nyingine zinachanganywa vitu ambavyo muuzaji hakwambii.

Sasa tezi dume. Kwa miaka 39 inawezekana ila sio ya kwanza kichwani kwangu. Kuvimba kwa tezi kwa kawaida kunaanza kuonekana kuanzia miaka 40 kwenda juu, wanaume wa miaka ya hamsini takriban nusu yao tezi imeanza kukua, wakifika themanini ni wengi sana, na sio wote inawasumbua. Baba mdogo wako yuko kwenye umri wake kabisa. Na hiyo ndio moja ya sababu kubwa za UTI za kujirudia kwa wazee wetu, kwa hiyo kama unasoma hapa na una baba nyumbani anaamka usiku kila saa na anapewa dawa za UTI tu, mpeleke akaangaliwe tezi. Ila wewe usikimbilie kipimo cha damu cha tezi dume, kile cha PSA, saa hizi ukiwa na maambukizi. UTI yenyewe inapandisha PSA, utapata namba kubwa ulie wiki nzima unadhani ni saratani. Kama daktari ataona kinahitajika kitapimwa UTI ikishatulia kabisa, wiki sita hivi baadae.

Tezi inaweza kuhusika kwa namna nyingine lakini. Wadudu wakiingia ndani ya tezi wanajificha humo, na dawa nyingi haziingii vizuri kwenye tezi, ndio maana mwanaume mwenye maambukizi ya tezi anatibiwa wiki mbili mpaka nne, saa nyingine sita, sio siku tano. Dozi za siku tano tano ulizokuwa unapewa nyingi ni za mwanamke mwenye UTI ya kawaida.

Hiyo ya kuingia kwenye damu naomba uisahau. Hii lugha imezagaa sana huku kwetu na inauza sana dawa. Wadudu wa mkojo wakiingia kwenye damu kweli mtu anatetemeka, homa inapanda, moyo unakimbia, anaweza kuchanganyikiwa, analazwa siku hiyohiyo. Hapimi mahindi sokoni Kibaigwa. Kwa hiyo wewe hujafika huko, na tunataka usifike.

Pasi sels nazo ni seli za mwili zinazopigana, zinasema kuna fujo kwenye njia ya mkojo, hazisemi fujo ya nani. Zinaweza kuwepo kwa sababu ya bakteria, lakini pia kwa mawe, kwa kichocho, kwa magonjwa ya zinaa kama klamidia au gono, hata kwa TB ya figo. Kipimo ambacho katika safari yako yote sijakiona ni kuotesha mkojo. Unakinga mkojo wa katikati, yaani unaacha wa mwanzo uende, kwenye kopo safi la maabara, KABLA hujameza antibayotiki yoyote, wanauotesha siku mbili tatu, wanakuambia ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Wewe umepita dawa nyingi sana, wadudu ulionao wanaweza kuwa wameshazizoea nusu yake, kwa hiyo kukisia tena ni kupoteza muda. Kwa hiyo ikirudi usikimbilie dukani, kimbilia maabara yenye huduma hiyo, dawa baadae.

Malambo nayo sijayapuuza. Kichocho cha mkojo kinaingia kwa ngozi ukiwa kwenye maji yaliyosimama yenye konokono wake, na minyoo inaweza kuishi mwilini miaka mingi, inaleta damu hasa mwisho wa kukojoa, na ikikaa sana inaharibu kibofu na mirija inayotoka kwenye figo, mpaka saratani ya kibofu. Waambie wakupime, na mkojo wa kipimo hiki unakingwa mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndio mayai yanatoka kwa wingi, ukipeleka wa alfajiri wanaweza wasiyaone. Kikiwepo kuna dawa, prazikwanteli, unapewa kulingana na uzito. Sukari pia upimwe, mtu mwenye sukari asiyejijua anaweza kuhangaika na UTI mpaka achoke, na kipimo cha VVU kifanyike tu, sio kwamba nakushuku.

Maji ya chumvi, hapa nitakuudhi kidogo. Watu wa Dodoma tunayasingizia sana haya maji kwenye mawe ya figo, lakini kinachotengeneza mawe zaidi ni kutokunywa maji ya kutosha kwenye jua hili. Mtu yuko kwenye fuso toka saa 11 alfajiri, hanywi maji ili asisimamishe gari kukojoa, mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi. Na nakuhisi na wewe unajinyima maji kwa sababu kukojoa kwenyewe ni vita. Usijinyime. Kunywa mpaka mkojo uwe mweupe mweupe au njano hafifu, punguza tu masaa mawili matatu kabla ya kulala. Kama maji ya bomba ladha inakushinda, chemsha, yapoze, weka ndimu, utakunywa.

Sasa uende wapi. Anza hospitali ya wilaya, usianzie kwenye maabara ya mtaani tena. Ukifika sentensi ya kwanza usiseme "nina UTI", maana ukisema hivyo utapimwa mkojo na kupewa sipro. Sema hivi, "nilivunjika nyonga 2019 nikawekewa mpira wa mkojo, sasa mkojo unatoka mwembamba na nina maambukizi yanayojirudia". Utaona dokta anaweka kalamu chini. Omba utrasaundi ya figo na kibofu, ukiwa na mkojo na baada ya kukojoa, ili waone unaobaki ni kiasi gani, kama kuna mawe, na kama figo zimeanza kuvimba. Omba na damu ipimwe figo zinavyofanya kazi. Kisha rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, yurolojisti. Dodoma mjini Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile ya upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ndio sehemu ya kuulizia, na kama una bima fuata mlolongo wa rufaa usije ukakataliwa kaunta.

Huko watakupima kasi ya mkojo, kuna mashine unakojolea inachora mstari. Mwanaume wa umri wako mwenye njia nzima kasi yake ya juu inapita mililita 15 kwa sekunde, ikiwa chini ya 10 wanaanza kutafuta kizuizi. Afu kuna picha ya x-ray, wanapitisha dawa maalum kwenye mrija kuanzia mbele, dawa inaonekana kwenye picha na pale paliposinyaa panaonekana wazi, urefu na mahali. Haipendezi, sitakudanganya, ila ni dakika chache na ndio inayoamua matibabu. Wengine wanaingiza kamera. Na kipimo cha kidole cha tezi nacho kinaweza kufanyika, wanaume wengi wanakimbia kwa ajili yake, na mimi sijawahi kuona mwanaume aliyepungua kitu kwa kipimo hicho.

Kama ni strikcha, matibabu yapo ya aina kama tatu, kutanua, kukata kovu kwa ndani kwa kamera, au kufungua na kutengeneza mrija upya, wakati mwingine wakitumia ngozi laini ya ndani ya shavu lako. Kutanua ni rahisi na kunavutia maana unarudi nyumbani mapema, lakini kovu mara nyingi linarudi, nimeona watu wanatanuliwa kila mwaka kama leseni ya gari. Upasuaji wa kutengeneza ndio kwa kawaida unadumu zaidi, na kwa kovu la ajali ya nyonga mara nyingi ndio unaohitajika. Muulize bingwa wazi, "kovu langu lina urefu gani, na kwa nini unachagua hili na sio lile?" Ni haki yako.

Kabla ya kwenda, kwa siku tatu chukua kopo la kupimia na daftari, andika kila ukikojoa saa ngapi na mililita ngapi, usiku na mchana, na maji uliyokunywa. Hilo daftari litamsaidia dokta kuliko maneno mia.

Jambo moja lazima ulishike. Ikitokea siku mkojo umegoma kabisa, kibofu kimejaa na hakitoki kitu, nenda hospitali muda huohuo, hata usiku wa manane, na WAAMBIE kuhusu ajali kabla mtu hajaanza kukusukumia mpira. Njia yenye kovu ikilazimishwa inachanika zaidi. Wakishindwa kwa upole kuna njia ya kutoa mkojo kwa kutoboa hapo chini ya kitovu, ni kitu cha kawaida. Vilevile homa na kutetemeka, maumivu makali ubavuni, korodani kuvimba na kuuma, au mkojo wa damu, hayo sio ya kusubiri mnada upite.

Mama watoto. UTI ya bakteria wa kawaida sio ugonjwa wa zinaa, mtu anaipata bila kulala na mtu yeyote, na kwa hali yako chanzo naona kiko ndani ya mwili wako mwenyewe. Yeye kapima hana kitu, kwa hiyo asimeze antibayotiki za "kusindikiza", hazimsaidii na zinazalisha wadudu sugu ndani ya nyumba. Kitakachobadilika ni pale tu wewe ukionekana una usaha unaotoka mbele au kipimo kikaonyesha gono au klamidia, hapo mnatibiwa wote wawili bila kelele. Pima na hivyo, yakitoka safi muonyeshe karatasi. Tena mimi ningekushauri uende naye kwa bingwa. Akiiona ile picha ya x-ray na kusikia habari ya ajali ya 2019, ajali ambayo nadhani yeye ndiye aliyekuuguza, maswali ya Kiteto yatapungua yenyewe.

Mzee wa mnadani mwache na dawa zake. Kovu halisafishwi kwa unga, na zile dawa hatujui zina nini kwa figo ambazo hatujajua hali yake.

Na hiyo sipro, kama safari hii utaandikiwa baada ya kuotesha, usinywe na maziwa, si freshi si mgando. Kalsiamu inaikamata tumboni dawa haiingii vizuri kwenye damu, kwa hiyo dozi zote ulizoshushia mgando huenda ulikuwa unapata dozi pungufu. Meza na maji mengi, maziwa kaa nayo mbali, usiyanywe ndani ya masaa sita kabla ya dawa wala masaa mawili baada yake, na ukiona kano za kisigino zinauma uache umwambie dokta. Majibu ya picha yakitoka niandikie.